Mashine ya 15 au ya 40? Hesabu ya HP kabla hujafunga injini kwenye boti ya uvuvi

Najua wengi wenu mnanifuata hapa kwa ajili ya kuku, mbogamboga na pampu za umwagiliaji. Lakini tangu serikali ianze kukopesha vijana boti za uvuvi, meseji ninazopokea zimebadilika. Swali ni lile lile kila wiki: "Afisa, nifunge mashine ya ngapi?" Na kabla sijajibu, muulizaji ameshajijibu mwenyewe: "Mimi nafikiria 40, nimalize kazi."

Leo tulijadili kwa kirefu, maana hapa ndipo mtaji unapozama. Boti ikishanunuliwa imenunuliwa. Nyavu zikichanika zinashonwa. Mashine, wewe unailipa mara moja dukani, halafu unailipa tena kila asubuhi kituo cha mafuta, mpaka siku utakayoiuza. Ukikosea ukubwa wake hakuna siku moja utakayoona hasara kubwa ukashtuka. Unachoona ni kwamba samaki wanapatikana, wanauzwa, na bado rejesho la mkopo halitimii.

Mfano wangu utakuwa Msasani, kwa sababu pale unaona kila kitu kwa pamoja. Ukisimama ufukweni upande wa kijijini, mbele yako kuna ngalawa, mitumbwi ya mbao, na boti za faiba za mita 6, 7, 8. Ukiinua macho ng'ambo ya ghuba, upande wa Slipway na Yacht Club, kuna boti za starehe zimefungwa mashine mbili mbili, zikitoka zinaacha povu jeupe mpaka karibu na Bongoyo. Kijana mwenye mkopo mkononi akiangalia lile povu, hesabu zote zinamtoka kichwani. Lakini ile boti ya ng'ambo ni nyepesi, imebeba watu wanne na kreti ya soda, na anayelipa mafuta ni mgeni. Ya kwako itarudi na nyavu zilizolowa, barafu, samaki na wavuvi. Ni vyombo viwili tofauti hata kama vinaelea kwenye ghuba moja.

Kwa nini boti inafika mahali inagoma

Hapa naomba utulie kidogo, ukielewa hiki mengine yote ni rahisi.

Boti nzito inapotembea inajitengenezea wimbi. Mwendo ukiongezeka, wimbi hilo linarefuka, mpaka linafikia kulingana na urefu wa boti yenyewe: kilele kimoja kwenye omo, kingine kwenye tezi. Boti sasa imekaa kwenye bonde la wimbi lake. Ukiongeza moto ni kama unapanda mlima ambao nao unatembea na wewe. Omo inainuka, tezi inazama, maji nyuma yanachafuka, kelele inaongezeka, na mwendo uko pale pale au umeongezeka kidogo sana. Kila mvuvi ameiona hali hii. Wengi wanadhani mashine imechoka au ni ndogo.

Kuna hesabu fupi ya kujua mwendo huo kabla hata hujanunua mashine. Pima urefu wa boti pale inapogusana na maji, kwa mita. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo (kikokotoo cha simu kinayo ile alama ya √). Zidisha kwa 4.5. Unapata kilometa kwa saa. Boti yenye mita 7 majini: kipeuo chake ni kama 2.65, mara 4.5, unapata karibu 12. Yenye mita 4 inaishia 9. Yenye mita 9 inafika 13 na nusu. Kwa hiyo boti yako ya mita 7, ikiwa na mzigo, ni chombo cha kilometa 12 kwa saa, na HP utakazoongeza juu ya hapo zinaishia kwenye wimbi.

Kuna vyombo viwili vinavyotoka nje ya hesabu hii. Cha kwanza ni chombo chembamba na kirefu kama ngalawa au mtumbwi wa kuchonga. Wimbi lake ni dogo, kwa hiyo kinapenya na kwenda kasi zaidi kwa mashine ndogo. Ndiyo maana ngalawa yenye 9.9 inaweza kuiacha boti pana yenye 15, na vijana wanabaki wanashangaa. Cha pili ni boti nyepesi yenye tezi pana na bapa, inayoweza kupanda juu ya wimbi na kuteleza. Hii ndiyo ya ng'ambo kule. Ili iteleze, kila HP moja isibebeshwe zaidi ya kilo 20 hadi 25. Shika namba hiyo, tunarudi kwake sasa hivi.

Tupime uzito, tuache kukisia

Chukua boti ya faiba au mbao ya mita 7 inayovua kwa nyavu za kutega. Boti yenyewe tuseme kilo 600. Mashine 40. Wavuvi wanne, 280. Nyavu zikilowa, 150. Sanduku na barafu, 150. Mafuta, 40. Samaki siku nzuri, 300. Jumla kilo 1,560. Tani moja na nusu na ushei.

Kipimo ninachotumia kwa boti ya aina hii ni HP 3 hadi 5 kwa kila tani, ili kufika karibu na ule mwendo wake wa mwisho kwenye maji yaliyotulia. Natumia 5 kwa mashine za kufunga nyuma, kwa sababu pangaboi lake ni dogo na linapoteza nguvu nyingi likisukuma mzigo mzito. Tani 1.56 mara 5 ni kama HP 8. Umeona? Nane. Mashine ya 9.9 inaifikisha boti hii inakotaka kwenda, siku ya maji mazuri.

Sasa yule anayetaka 40. Gawa kilo 1,560 kwa 40: kila HP inabeba kilo 39. Tulisema ili iteleze isizidi 25. Kwa hiyo 40 haitoshi kuipandisha juu ya maji ikiwa na mzigo, na ni nyingi mno kwa kuisukuma ndani ya maji. Imekaa katikati, pale kwenye mlima unaotembea. Ungehitaji HP 60 na zaidi ili kweli iteleze, na boti ya mbao yenye tezi nyembamba hata ukiifunga hizo 60 haitateleza, itajichimbia tu. Ni sawa na yule mdau wa Kibaha niliyemkuta amefunga pampu ya inchi 3 kwenye kisima kinachotoa maji ya inchi 1. Pampu nzuri, maji hakuna.

Pesa sasa

Bei ya petroli inabadilika, EWURA wanatangaza kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mimi nitatumia 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya siku yako.

Mashine ya petroli ya mipigo miwili, zile Enduro za kabureta ambazo ndizo nyingi mwaloni, ukifungua moto wote inakunywa karibu nusu lita kwa kila HP kwa saa. Mashine ya 15 ni lita 7 na nusu hivi. Ya 40 ni kama 19. Tuchukue safari ya kilometa 15 kwenda na 15 kurudi, jumla 30. Kumbuka Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, hakuna kuvua pale. Unavipita visiwa ndipo kazi inaanza, kwa hiyo kilometa 15 si safari ndefu.

Mashine ya 15, nahodha akitembea kilometa 10 kwa saa bila kuikamua, inatumia kama lita 4.5 kwa saa. Saa 3, lita 13 na nusu: shilingi 40,500. Akifungua moto wote anafika kilometa 12, anatumia saa 2 na nusu, karibu lita 19: shilingi 57,000. Yaani ameokoa nusu saa kwa 16,500. Mashine ya 40 kwenye boti hii, moto wote, tuipe wastani wa kilometa 15 kwa saa. Saa 2, lita 38: shilingi 114,000.

Kati ya 40,500 na 114,000 kuna 73,500, na ulichonunua kwa pesa hiyo ni saa moja. Ukienda baharini mara 20 kwa mwezi ni 1,470,000. Hapo sijaweka oili, ambayo nayo inaongezeka kadiri petroli inavyoongezeka.

Nimewahi kuambiwa, "Lakini afisa, si nitaiendesha 40 taratibu?" Unaweza. Ila mashine ya mipigo miwili ikiendeshwa siku zote kwa moto mdogo inachafua plagi na kujaza kaboni, ni nzito, na uliinunua kwa bei ya 40. Na tuwe wakweli, wewe hutakuwepo. Utakuwa nchi kavu unasubiri simu. Anayeshika mkono wa mashine ni nahodha mwenye usingizi wa saa kumi alfajiri anayeona boti ya jirani inampita.

Nahodha huyo umwonyeshe hesabu ya mgao, ataelewa haraka kuliko mhasibu. Vyombo vingi vya pwani yetu mafuta na barafu vinatolewa kwanza kwenye mauzo, kinachobaki ndiyo kinagawanywa, mara nyingi nusu ya mwenye chombo na nusu ya wavuvi, ingawa mipango inatofautiana. Tuseme mmeuza samaki wa 300,000, na gharama nyingine ni 40,000. Kwa mashine ya 15 inayotembea taratibu inabaki 219,500. Nusu ya wavuvi ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anaondoka na kama 27,400. Kwa ile ya 40 inabaki 146,000, kila mvuvi anapata 18,250. Samaki ni wale wale. Wavuvi wazuri hawagombani na wewe juu ya jambo hili, wanahamia boti nyingine tu, na wewe unabaki unatafuta watu kila Jumatatu.

Basi kwa nini sisemi 9.9?

Kwa sababu ya kusi.

Pale Msasani kuna nahodha mmoja mtu mzima, boti yake ni ya mita 7 kama hii ya mfano wetu, na amefunga 15. Nilimkuta anakagua bomba la mafuta. Nikamwamkia, "Shikamoo nahodha." "Marahaba Bwana Samaki." (Nyinyi mnaniita Bwana Shamba, pwani nina jina jingine.) Nikamuuliza mbona asiweke 9.9 apunguze gharama, maana bahari anaijua na haendi mbali. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, mashine hii sikuinunulia kwenda. Nimeinunulia kurudi."

Upepo wa kusi unavuma tangu kama Aprili mpaka Septemba au Oktoba, na Juni na Julai ndipo unapokaza. Ukitokea upande wa Mbudya kurudi Msasani unakukabili usoni. Wimbi fupi fupi linapiga omo, boti inasimama, inaanza tena, inasimama. Ukikutana na maji ya bamvua yanatoka, mkondo nao unakurudisha. Hapo boti iliyokuwa inatosheka na HP 8 inataka 12. Ukiwa na 9.9 umefungua moto wote na ufuko hausogei, mafuta yanaisha, na ndani kuna watu wanne.

Kwa hiyo baada ya kupata ile namba ya maji yaliyotulia, ongeza nusu yake, na zaidi kidogo kama boti yako ina ubavu mrefu unaoshika upepo. Nane na nusu yake ni 12. Duka halina 12, lina 9.9 na 15. Chukua 15. Kwa boti ya mita 7 ya Msasani inayovua kwa nyavu au mshipi na kurudi siku hiyo hiyo, jibu langu ni 15, na itembezwe kama 9.

Ya mita 5 yenye watu wawili wa mshipi na dema, 9.9 inatosha, hata 8. Ya mita 8 hadi 9 yenye tani mbili na nusu, hesabu itakupeleka kwenye 20 hadi 25, na ukifika hapo anza pia kufikiria dizeli ya kukaa ndani ya boti, maana dizeli inatumia karibu nusu ya lita ambazo petroli ya mipigo miwili inatumia kwa kazi ile ile. Hiyo ni mada ya siku nyingine, ina mambo ya shafti na ghuba zetu zinazokauka maji yakitoka.

Na kusi likizidi, usiende. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa upepo na mawimbi ya baharini, na ni bure. HP za akiba ni kwa hali iliyokubadilikia ukiwa huko, si ruhusa ya kutoka kwenye hali iliyotangazwa mbaya. Kasia, tanga hata dogo, na maboya ya kuvaa kwa kila mtu viwepo kwenye boti. TASAC wakikagua wataulizia hayo, lakini hata wasipokagua.

Pangaboi, mahali pesa inapolala

Hapa vijana wengi hawapajui, na pengine pana faida kuliko kubadilisha mashine.

Pangaboi (mafundi wengine wanasema propela) lina namba mbili zimepigwa mhuri. Ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ni pichi: umbali ambao lingesogea kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa skrubu inayotoboa ubao. Mashine ya 15 mara nyingi unauziwa ikiwa na pichi kubwa, inchi 10 au 11. Fanya hesabu: mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gia inapunguza mzunguko kwa karibu nusu, pangaboi linazunguka kama 2,500, kila mzunguko sentimeta 28. Hiyo ni karibu kilometa 40 kwa saa. Pangaboi lile limetengenezwa kwa boti nyepesi ya kukimbia. Wewe boti yako ni ya kilometa 12. Ni sawa na kulima na trekta gia ya barabarani: injini inalemewa, haifiki mzunguko wake, inakunywa mafuta, pistoni zinaumia, na wewe unasema "HP hazitoshi, niongeze."

Angalia kitabu cha mashine kimeandika mzunguko gani kwa moto wote. Kwa 15 nyingi ni kati ya 4,500 na 5,500. Fundi mwenye mita ya mizunguko aipime boti ikiwa na mzigo kamili. Ikiishia 3,800, pichi ni kubwa. Shuka mpaka 9 au 8. Kushuka inchi moja kunaongeza mzunguko kwa kiasi cha 150 hadi 200. Nimeona boti mbili pale zilizokuwa zinajiandaa kununua 25, zikatulizwa na pangaboi jipya kwenye mashine zile zile za 15. Kuna pia 9.9 zinazotengenezwa makusudi kwa kusukuma mzigo, gia yake ni nzito na pangaboi ni kubwa zaidi; ukiipata, kwa boti nzito ya polepole ni mashine nzuri sana.

Urefu wa mguu nao usiusahau. Kuna mguu mfupi wa tezi ya inchi 15 na mrefu wa inchi 20. Pima tezi yako kutoka juu ya ubao mpaka chini ya boti kabla hujaenda dukani. Lile bati lililo juu ya pangaboi liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu, pangaboi linavuta hewa kila boti inapoinuka na mashine inapiga kelele bure. Likiwa chini sana unaburuta chuma.

Mipigo miwili au minne

Minne inaokoa mafuta, kama theluthi moja, na huchanganyi oili. Miwili ni nyepesi, bei yake ni ya chini, na fundi yeyote Msasani anaifungua huku anapiga stori. Kama unaenda baharini kila siku, minne inarudisha tofauti ya bei, ila kwanza hakikisha kuna fundi anayeijua na vipuri viko Dar, si vya kuagiza. Ukichukua miwili, oili ni moja kwa hamsini: lita 25 za petroli, nusu lita ya oili, ile ya mashine za boti, siyo ya bodaboda. Mashine mpya, saa 10 za mwanzo weka mara mbili ya hiyo.

Lini kubwa inalipa

Nisije nikaonekana naichukia 40. Kwenye boti za ringi, mita 10 na kuendelea, watu kumi na zaidi, nyavu peke yake inaweza kuzidi tani, pale 40 iko nyumbani kwake. Ukifuata jodari na nguru mbali, au ukinunua samaki kwa wavuvi wengine na kuwahi mnada wa Feri, saa moja ina bei. Lakini hesabu bei hiyo. Je, samaki wa saa moja mbele wanauzwa 73,500 zaidi? Kama unakimbilia kwa sababu samaki wanalegea njiani, tatizo lako ni barafu. Linganisha bei ya kilo 50 za barafu na ya lita 24 za petroli halafu niambie kipi kinakutunzia samaki.

Mashine iliyotumika

Kwa kampuni kadhaa, 9.9 na 15 ya mipigo miwili zinatoka kwenye bloku moja na uzito wake unakaribiana; tofauti iko kwenye kabureta na vitu vidogo. Mwenye nia mbaya anabadilisha kava na stika tu. Usisome kava. Soma kibati cha namba kilichoko kwenye mabano ya kufungia, linganisha na namba ya bloku, na dai risiti. Kibati kimekwanguliwa? Ondoka. Mashine za wizi zinatembea mwambao mzima, na siku mwenyewe akiitambua utapoteza mashine na pesa, pengine na usingizi wa siku chache kituoni.

Kabla hujasaini mkopo

Iwe ni mkopo wa boti usio na riba kupitia TADB, au ile asilimia 10 ya halmashauri ambayo vijana mna fungu lenu, wakopeshaji wanataka kuona ankara ya mashine. Usipeleke ankara kwanza ukapima baadaye. Azima au kodi 15 kwa nusu siku. Pakia viroba vya mchanga mpaka ufikie uzito wako wa kurudi. Washa GPS ya simu usome mwendo. Tumia dumu lenye alama za lita, tembea saa nzima kwa kilometa 10, kisha dakika 20 kwa moto wote, andika kila kitu. Nenda upande mmoja na urudi, uchukue wastani, kwa sababu ya mkondo. Zoezi hilo linagharimu lita kama 8 na mchana mmoja. Ukitaka kujifunza ufundi wenyewe, FETA wana chuo Mbegani, Bagamoyo, ni mwendo wa asubuhi tu kutoka Kinondoni.

Ukishapima, niandikie hapa chini: urefu majini, uzito wenye mzigo, mashine, namba mbili za pangaboi, mwendo na lita. Nimeshaanza jedwali la boti za Msasani na Kunduchi, na bado sina hata ngalawa moja yenye namba kamili. Wa ngalawa, nawasubiri.